Nilivyoacha Ubosi Nikarudi Kufuma

Siku yangu ya kwanza kwenye mashine ya kufuma nilivunja sindano kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi. Sisemi hivyo kwa majivuno, ingawa najua hakuna hata mmoja wenu aliyenifikia. Faith alivunja sita siku yake ya kwanza, akalia. Mimi sikulia, kwa sababu mashine ilikuwa yangu na hakukuwa na mtu wa kumlilia.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki pale karakanani Kamenu, hapa Thika. Siku ya kuniaga mlisema niandike mambo ya kazi yasije yakapotea, na Faith akaninunulia daftari la kurasa mia mbili, jambo ambalo nililichukulia kama vitisho. Sitazijaza zote. Nani alipandishwa cheo lini siandiki, maana kwetu vyeo vilikuwa viwili tu: aliyekaa karibu na dirisha na ambaye hakukaa. Kulikuwa na cheo cha tatu, nacho nilijipa mwenyewe, na hicho nitakieleza hata kama kinaniaibisha.

Kabla ya sweta nilikuwa kiwandani. Nyinyi mnaijua Thika ya maduka na vyumba vya kupangisha, lakini enzi zangu upepo ukivuma upande fulani ulikuwa unasikia harufu ya nguo mbichi mpaka sokoni. Nilikuwa idara ya rangi. Mikono yangu ilikuwa bluu Jumatatu na kijani Ijumaa, na Jumapili kanisani nilisalimia watu nikiwa nimekunja ngumi. Kiwanda kilipofunga lango nilikuwa na mke, binti mmoja anayeitwa Ciru, na ujuzi wa kuchovya vitu kwenye mapipa. Nikanunua mashine ya kufuma ya mkono kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anahamia Nakuru. Aliniambia ni rahisi kama kuendesha baiskeli. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuiendesha.

Kwa yeyote atakayesoma haya bila kuiona mashine yenyewe: ni kama meza ndefu ya chuma yenye safu mbili za sindano ndogo, kila sindano ina kichwa kilichopinda na ulimi mdogo unaofunguka na kufungika. Juu yake kuna kitu chenye mpini ambacho sisi hukiita gari. Ukilisukuma gari kulia, sindano zinashika uzi na kutengeneza mstari wa vitanzi. Ukilirudisha kushoto, mstari mwingine. Nimelisukuma gari hilo zaidi ya miaka ishirini, na kwa makadirio yangu nimefika Kisumu na kurudi mara kadhaa bila kutoka Kamenu.

Basi siku hiyo ya kwanza, sindano ya kumi na moja ilipokatika na kuruka hadi ukutani, nikasikia sauti ya mwanamke mlangoni.

"Wewe, unasaga mahindi ama unafanya nini huko ndani?"

Alikuwa amebeba beseni la nguo alizokuwa anaenda kuanika. Ni jirani, anakaa ploti ya nyuma, Mkamba wa upande wa Matuu, na watu wote walimwita Mama Kioko. Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuwa amefuma sweta kwa miaka mingi katika karakana nyingine mjini, hadi mwenye karakana akafunga na kuhama. Aliweka beseni chini.

"Toka hapo," akasema.

Nikatoka. Akakaa, akachungulia chini ya gari, akaguna kama mtu aliyeona kidonda. Akaagiza mafuta. Akazinyoosha ndimi za sindano moja moja kwa kucha. Kisha akasukuma gari, taratibu, na mashine ile iliyokuwa inanipigia kelele tangu asubuhi ikatoa sauti laini: shwaa, shwaa.

"Unasikia? Ikilia hivyo imeshiba. Ikianza kulia kra-kra, simama. Usiisukume kama ng'ombe ya wenyewe."

Nilimwajiri siku hiyo hiyo. Yeye husema ndiye aliyeniajiri. Jambo hilo hatujalimaliza hadi leo.

Alinifundisha kama mtu anavyomfundisha mtoto kutembea, isipokuwa mtoto huwa hatukanwi. Nilijifunza kuning'iniza vizito chini ya kitambaa ili kisipande juu, na kwamba kizito kikikaa upande mmoja sweta inatoka imeinama kama mtu mwenye maumivu ya mbavu. Nilijifunza kupaka uzi nta siku za baridi. Nilijifunza kutazama uzi mweusi kwa kuugeuzia mwanga, si kuuinamia. Sweta yangu ya kwanza kamili Mama Kioko aliinyanyua, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza, "Huyu mtoto ako na shingo ngapi?"

Mtaani walinicheka. Kwao kufuma ni kazi ya nyanya akiwa ameketi juani, kwa hiyo kinyozi aliyekuwa karibu nasi akaanza kuniita Cucu, yaani bibi kizee kwa Kikuyu. Jina likashika. Watu wazima walipita wakisema, "Niaje, Cucu Njuguna," na mimi niliitika, kwa sababu wengi wao walikuwa na watoto wa kuvalishwa sweta za shule Januari.

Na Januari ilikuwa inatupata kila mwaka kama ajali. Miezi tisa tulifuma kwa amani, kisha mnamo Novemba shule zote zinakumbuka kwa pamoja kwamba watoto wana mwili. Tukaongeza mashine ya pili, ya tatu, ya nne. Akaja Faith, aliyekuwa ametoka shule juzi, mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi, tukamweka kwenye kuunganisha mabega na mikono. Wakaja wengine. Saa nne kamili Mama Kioko alizima redio, akamimina chai, na sote tukakaa kwenye marobota ya uzi tukila ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, na kubishana. Tulibishana kuhusu wachungaji, kuhusu mipira, kuhusu kama kijani ya shule ya Makongeni ni kijani au ni bluu iliyokata tamaa. Mambo mengi ya kazi yalitatuliwa hapo bila mtu kusema kwamba tuko mkutanoni. Faith aligundua hapo kuwa mashine ya tatu inaangusha kitanzi kila mstari wa arobaini, kwa sababu aliyekuwa akiitumia alilalamika kuhusu ndoa yake na akaichanganya na mashine.

Kesi ngumu mnazopenda kusikia ni nyingi, lakini ya nembo ndiyo lazima niiandike, maana nimesikia mkiisimulia vibaya.

Shule moja ya kibinafsi upande wa Juja iliagiza sweta mia moja na sitini, kila moja na nembo kifuani na kaulimbiu ya shule chini yake. Mwalimu mkuu alipiga simu, mimi nikapokea, nikamtajia Faith, Faith akaandika, tukapeleka kwa mtu wa kutarizi. Mwalimu mkuu alikuwa Mkikuyu wa Gatundu. Mimi ni Mkikuyu wa Gatundu. Faith, Mungu ambariki, mama yake ni wa Gatundu. Kaulimbiu ilikuwa "Lenga Juu." Nembo zilirudi zimeandikwa "Renga Juu," kwa uzi wa dhahabu, mara mia moja na sitini.

Hakuna aliyeona, maana midomoni mwetu L na R ni herufi moja. Tulizishona, tukapiga pasi, tukazipeleka. Mwalimu mkuu akainua moja mbele ya walimu wake, akaisoma kwa sauti yenye fahari, "Renga Juu!" na akasema kazi ni safi. Tulikuwa tumeshaanza kunywa soda. Ndipo naibu wake, mwalimu mmoja mama kutoka Malindi, akaomba kuiona. Aliitazama muda mrefu. Akajifunika uso kwa ile sweta, mabega yakaanza kutikisika.

"Mwalimu unalia?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Hapana, mwalimu," akasema kutoka ndani ya sweta. "Narenga."

Tulirudi nazo zote. Kutoa nembo iliyoshonwa bila kutoboa sweta ni kazi ya sindano nyembamba na subira, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Siku mbili nzima, watu saba, tulikaa duara tukifumua. Nilijidunga vidole hadi Mama Kioko akasema niache kupaka sweta rangi nyingine. Kila baada ya muda mtu alisema kwa upole, "Jamani, turenge," na sote tukaanguka upya. Nimekaa nikajiuliza mara nyingi siku zipi kazini nilikuwa na furaha zaidi, na kila mara jibu linalokuja ni hizo mbili, ambazo kwa hesabu ya kibiashara zilikuwa hasara tupu.

Sasa nifike kwenye cheo.

Biashara ilikua. Oda zikaja kutoka Ruiru, Kahawa Wendani, mpaka Kasarani. Watu wakaanza kuniambia mtu wa kiwango changu hafai kukaa na vumbi la uzi puani. Nikaalikwa kwenye semina ya wafanyabiashara katika hoteli moja, ambapo kijana mwenye tai nyembamba alituambia kwamba bosi wa kweli hagusi kazi, anagusa watu wanaogusa kazi. Aliongeza kuwa dakika za chai ni dakika zilizokufa. Niliandika yote kwenye kijitabu. Nilikuwa mbele kabisa, nikitikisa kichwa.

Nikakodi nafasi Ruiru, chini duka la kuuzia sweta, juu ofisi yangu. Mlango wa kioo, dirisha la kuangalia barabara kuu, kiti cha kuzunguka. Mlangoni pakaandikwa Mkurugenzi. Wiki ya kwanza nilikizungusha kile kiti kwa furaha. Wiki ya pili nilikizungusha kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Karakana ya Kamenu niliiongoza kwa grupu ya simu: hakuna kusimamisha mashine bila ruhusa, hakuna chai ya pamoja, kila mtu anywe yake kwa zamu, na mwenye shida aandike kwa grupu au aombe nafasi ya kuniona. Mama Kioko alijibu sheria zile kwa kidole gumba kimoja kilichoinuliwa. Nilidhani amekubali. Sikumjua tena vya kutosha kutambua kwamba hicho kilikuwa kidole cha hasira.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyekuwa naharibika. Tumbo lilijaa gesi. Shingo ilikakamaa hadi nikawa nageuka mwili mzima kama friji. Chakula kikanichosha. Nilikuwa nakaa pale juu nikihesabu malori, na mtu akigonga mlango nilikasirika kwa kukatizwa, halafu akiondoka nilikasirika kwa kuachwa.

Mke wangu, Mama Ciru, alivumilia kidogo, kisha hakuvumilia.

"Zamani ulikuwa unarudi na nyuzi kichwani na stori tatu," aliniambia tukila chakula cha mchana Jumapili moja. "Siku hizi unarudi msafi. Nakuogopa."

Akanipeleka kwa daktari pale Thika. Daktari, mwanamke mdogo kuliko Ciru, alipima presha, akapima tena kana kwamba hakuamini mashine.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Mimi ni mkurugenzi."

"Hicho ni cheo. Nauliza kutwa unafanya nini."

Nikafikiria. Nilitaka kumpa jibu zuri. "Naangalia barabara," nikasema.

Aliandika dawa, akaniambia nitembee na nipunguze chumvi. Nikatembea, nikapunguza chumvi, na sikupona, kwa sababu baada ya kutembea nilikuwa narudi kwenye kile kiti.

Mwezi wa kumi na mmoja mwaka huo tulikuwa na oda kubwa ya shule moja ya Ruiru, sweta za maruni. Asubuhi moja Mama Kioko alitokea mlangoni kwangu. Alikuwa ametoka Kamenu mpaka Ruiru, amevaa lile koti lake la kanisani, na mkononi ana mfuko. Mimi nilikuwa nimeshika simu sikioni, nikisubiri kuunganishwa na mtu ambaye wala simkumbuki. Nilimwashiria kwa mkono. Akafungua mlango kidogo.

"Baba Ciru, kuna kitu unafaa uone."

Na mimi, mtu aliyefundishwa kushika sindano na yule mama, nikasema, "Mama Kioko, andika kwa grupu. Nitajibu."

Akaingia, akatoa koni mbili za uzi mfukoni, akaziweka mezani kwangu bega kwa bega.

"Sawa, Bwana Mkurugenzi," akasema, na akaondoka.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nilihisi ubaridi mgongoni, nikaulaumu ule mlango wa kioo.

Koni zile zilikaa pale siku tatu. Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, nilizichukua nikazipeleka dirishani, na nikiwa mtu wa rangi tangu ujana niliona mara moja. Zilikuwa maruni mbili tofauti. Muuzaji wa uzi alikuwa ametutumia mizigo miwili iliyochovywa mapipa tofauti. Chini ya taa hutaona, lakini juani moja ni maruni na nyingine ni mvinyo uliomwagikiwa maji. Nikapiga simu Kamenu. Akapokea Faith.

"Simamisheni maruni!"

"Tumeshamaliza miili, tuko kwa mikono," akasema. "Sheria ilisema tusisimamishe bila ruhusa."

"Nipe Mama Kioko."

Faith akasema, "Mzee, Mama Kioko hajakuja tangu ile siku alikuja kwako. Alisema tumwambie mkurugenzi ameenda kujifikiria. Niliandika kwa grupu."

Kweli alikuwa ameandika. Nilikuwa nimeipita.

Nilifika Kamenu kabla ya saa sita. Niliingia karakanani, na kitu cha kwanza nilichosikia ni kwamba hakuna kitu cha kusikia. Mashine zililia, ndiyo, lakini watu wanane walikuwa wameinamisha vichwa kama wako mtihani. Birika la chai lilikuwa limepinduliwa juu ya rafu, kavu. Juu ya meza ya kupigia pasi kulikuwa na rundo la sweta, mwili wa rangi moja na mikono ya rangi nyingine, kama watu walioazima mikono.

"Habari zenu," nikasema.

"Mzuri, sir," wakajibu pamoja.

Sir. Kinyozi aliniita Cucu kwa miaka na haikuniuma hata siku moja. Hili liliniuma.

Nikazunguka hadi ploti ya nyuma. Mama Kioko alikuwa barazani kwake na mashine ndogo ya kuazima, anafuma kola, kuku wanne wakiwa wamemzunguka.

"Hodi, Mama Kioko."

Hakuinua macho. "Karibu. Uko na apointimenti?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Andika kwa grupu."

Nikasimama pale juani kama mtu wa kuuza sufuria. Yeye akaendelea, shwaa, shwaa. Nilijaribu kusema sentensi niliyoipanga njiani, kuhusu shinikizo la biashara, na badala yake kikatoka kitu kati ya kicheko na kwikwi, na nikashindwa kukisimamisha. Aliniangalia. Akasukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa, utaangukia kuku."

Nikakaa. Alimaliza mstari wake kwanza. Mtu wa kazi hakati katikati.

"Hapa niko na amani," akasema. "Hakuna wa kunisumbua. Jana niliambia huyo kuku mweupe aniangalilie hii kola kama imekaa. Aliangalia vizuri kuliko wewe."

"Na ilikuwa imekaa?"

"Hakusema." Akaigeuza kola. "Unajua mahali ulinikosea?"

"Kwa uzi."

"Ai, uzi ni uzi. Uzi unaharibika kila mwaka. Baba Ciru, mimi nilipoona zile koni nilishtuka. Nikasema, huyu mtu wa rangi akiona hii ataruka kwa kiti. Nikavaa koti. Nikatoka hapa mpaka Ruiru, sikuwa naleta ripoti. Nilikuwa natafuta mtu wa kushtuka na yeye."

Ndipo nikamwambia yale ambayo sikuwa nimemwambia hata Mama Ciru: kwamba pale juu nilikuwa nakaa kutwa bila kujua mimi ni wa kazi gani, kwamba sweta zilikuwa zinauzwa kwa jina langu na sikuwa nimeshika hata moja tangu Machi, kwamba nilikuwa naogopa kushuka Kamenu kwa sababu mngeona sijui tena nini kinaendelea.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Akakagua vidole vyangu, akavibonyeza.

"Mikono kama ya karani wa kanisa," akasema kwa huzuni ya kweli. "Hii itachukua mwezi."

Masharti yake aliyatoa pale pale bila kuniangalia, akifunga kola. Chai irudi saa nne, ya pamoja. Yeye aingie kwenye biashara kama mwenzangu, kwa maandishi, si kama mfanyakazi. Na mimi nirudi kwenye mashine ya nne.

"Ile inayovuta kushoto?"

"Hiyo hiyo."

Ningependa kuandika kwamba tuliokoa ile oda. Hatukuiokoa. Tulifumua mikono yote na kuifuma upya, lakini watoto wa ile shule walikaa wiki nzima ya kwanza bila sweta, na ilikuwa wiki ya baridi isiyo ya kawaida. Nilikwenda mwenyewe kusimama mbele ya wazazi na kueleza. Mama mmoja aliniuliza kama mimi nilikuwa nimevaa sweta asubuhi hiyo. Nilikuwa nimevaa. Mwaka uliofuata shule ile ilipeleka oda kwingine, na walikuwa na haki.

Siku yangu ya kwanza kurudi mashineni nilikuwa mzito kuliko wote. Kila mtu alijifanya haangalii. Nilikuwa nimefuma kama nusu ya mgongo, jasho likinitiririka, ndipo Faith akashindwa.

"Mzee, hiyo gari yako umetoa handibreki?"

Karakana yote ikalipuka. Nilicheka hadi nikaangusha vitanzi vitatu, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi: siku hiyo shingo yangu iligeuka upande wa Faith, peke yake, bila mwili. Presha ilishuka miezi iliyofuata. Daktari alisema ni dawa. Sitabishana naye, alisoma zaidi yangu, ila dawa nilikuwa nazimeza hata nilipokuwa Ruiru.

Ofisi ya juu tuliiachia, tukabaki na duka la chini, na Faith akawa anakwenda huko siku mbili kwa wiki, si zaidi, kwa sababu siku ya tatu alianza kuongea kwa sauti ya mkurugenzi. Kile kiti tukakileta Kamenu. Kila mtu alipata zamu.

Hatukuwa familia, msije mkadanganywa na watu wanaosema hivyo. Familia huwezi kuiacha. Yule wa mashine ya tatu alituacha akaenda kwa mshindani wetu Makongeni, na mimi na Mama Kioko tuligombana kuhusu kununua mashine ya umeme hadi tukanuniana wiki mbili, tukipeana chai bila kutazamana. Lakini chai tulipeana. Miaka mitatu iliyopita alirudi shambani kwake upande wa Matuu. Jumapili baada ya ibada hunipigia kuniuliza kama sindano zimetiwa mafuta. Sijamwambia bado kwamba nimestaafu. Naogopa atauliza nani aliniruhusu.

Nimestaafu kwa sababu ya macho. Uzi mweusi umenishinda, hata nikiugeuzia mwanga. Faith ndiye anayeongoza sasa, na siku ya mwisho aliniuliza nimwachie neno gani la uongozi. Nilimwambia asogeze meza yake mbali na mlango, ili mtu akitaka kumwona lazima apite katikati ya mashine zote, na yeye pia akitaka kutoka. Alisubiri niendelee. Sikuwa na lingine.

Wiki ya tatu ya kustaafu nilishindwa kukaa nyumbani. Nilimwambia Mama Ciru nakwenda kununua dawa ya mbu, nikajikuta Kamenu. Faith siku hiyo alikuwa Ruiru. Pale meza ya mbele alikuwa ameketi mwanamke nisiyemjua, mliyemchukua baada yangu, na utepe wa kupimia shingoni. Ndani mlikuwa mnabishana kwa kelele kama mchungaji anaweza kuvaa kaptula, na hakuna aliyegeuka.

"Karibu, mzee. Ni sweta ya mjukuu?"

Nilifungua mdomo nimwambie mimi ni nani. Halafu nikasikia mtu huko ndani akicheka hadi akakohoa, na nikaufunga.

"Ni yangu," nikasema.

Alinisimamisha wima, akanipima kifua, akanipima tumbo kwa heshima, akanipima mikono. Akarudia mikono.

"Mzee, mkono wako wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Ulikuwa unajua?"

"Hapana," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Basi tutaufuma mrefu. Usijali, hakuna mtu ataona."

Mlinitumia kwa bodaboda Ijumaa. Ni ya kijivu, shingo ya V. Nimeitafutia kosa siku tatu sasa, nikiwa na miwani na bila miwani. Mabega yamekaa. Vitanzi vimelingana. Mikono yote miwili inaishia pale pale kwenye kifundo cha mkono, jambo ambalo halijawahi kunitokea katika sweta yoyote, na ninajua vizuri zilizoitangulia, maana nilizifuma mwenyewe. Mama Ciru amesema niivue ifuliwe. Nimekataa.